Mapipa bilioni 6.5, yatakayotoka bilioni 1.4: jibu liko mwambani

Mhariri,

Kila yanapotajwa mafuta ya Ziwa Albert, Uganda, watu hushangaa: chini kuna mapipa bilioni 6.5, ila yanayotarajiwa kutoka ni bilioni 1.4 hivi. Wapo wanaodhani zilizobaki zinaibwa. La hasha.

Huko chini hakuna ziwa la mafuta. Yamo katika vitundu kati ya chembe za mchanga ulioletwa na mito ya kale kwenye bonde la ufa. Chembe zikilingana ukubwa, vitundu huweza kufika asilimia 30 ya mwamba. Zikichanganyika, ndogo hujaza nafasi zilizoachwa na kubwa. Hata hivyo, mafuta hayapiti mpaka vitundu viungane, na mchawi hapo ni udongo wa mfinyanzi. Ukitanda kwenye vijia, hata kidogo tu, mwamba hukaba ingawa mafuta yamejaa tele.

Mchanga wa Albert haujafukiwa sana, kwa hiyo haukupata joto la kutosha kuugandisha kwa silika (madini yanayoshikanisha chembe za mchanga). Mafuta yanapita vizuri, lakini chembe nazo zinafuata: zinakwangua pampu na kujaza kisima. Ndiyo maana hutiwa chujio. Matundu yake hupangwa baada ya kuchekecha sampuli za mwamba; yakiwa mapana mchanga unapita, yakiwa membamba yanaziba.

Kazi kubwa zaidi ni kuyasukuma. Mafuta haya yana nta nyingi (bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa lipashwe moto kwa sababu hiyo), na presha ya mwamba hushuka kadiri yanavyotoka, hivyo maji hupigwa chini kuyasukumia visimani. Maji hufuata njia rahisi: yanakimbilia tabaka la mchanga mkubwa, yanafika kisimani mapema, na mafuta ya tabaka la mchanga laini yanaachwa nyuma. Maji hayo yakiwa matamu mno, yaani yenye chumvi kidogo, baadhi ya mifinyanzi huvimba na kuziba vijia. Dawa yake ni chumvi, hasa ya potasiamu, baada ya kupima maabara kwa vipande vya mwamba wenyewe. Tilenga, mmoja wa miradi ya mafuta ya Ziwa Albert, pekee imepangiwa visima zaidi ya 400, na vingi kati yake ni vya kupiga maji, si vya kutoa mafuta.

Kwa hiyo waandishi wenu waache kuganda kwenye bilioni 6.5. Uzalishaji ukianza, waulize kila mwezi: presha ya mwamba imeshuka kiasi gani, na katika kila mapipa 100 yanayotoka kisimani, mangapi ni maji?

Msomaji,
Tanga