Masinia Yarudi Barazani: Wito wa Futari ya Pamoja, Mikindani

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zetu wana Mikindani, mliopo na mliotawanyika Dar, Tandahimba na hata ng'ambo ya Ruvuma.

Tuliolelewa hapa tunakumbuka. Ikikaribia Magharibi, kila nyumba ilitoa sinia lake barazani: muhogo wa nazi, magimbi, changu wa kukaanga, na uji wa pilipili manga uliokuwa ukichoma koo taratibu. Watoto walipishana njiani na sahani zilizofunikwa kawa. Mpita njia aliyekutwa na adhana hakuulizwa ametoka wapi. Alinawishwa mikono, akasogezewa mkeka.

Ramadhani iliyopita mama mmoja wa kamati yetu alipeleka sahani kwa mzee jirani. Alimkuta anafuturu kwa chai kavu, peke yake, mlango kaurudishia. Kumbe alikuwa hivyo tangu mwandamo. Alisema anaona haya kubisha hodi kwa watu saa ya chakula. Tulilia, na aibu ikawa yetu.

Sababu tunazijua. Ramadhani sasa inaangukia Februari, katikati ya mvua. Hela ya korosho imeishia kwenye ada na mabati, mpunga na mahindi bado vi shambani. Mtu akiwa na kidogo, hukila ndani.

Kwa hiyo sisi akina mama wa msikiti tumeazimia kupika pamoja jioni zote, ziwe 29 au 30, na kutandika mikeka barazani. Waje wazee na wajane, wanafunzi waliopanga vyumba, vijana wa bodaboda, wavuvi, na abiria wa mabasi ya Dar na Mtwara ambao adhana huwakuta hapa njiani. Jirani asiyefunga naye karibu, ni jirani yetu.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi ya Zayd bin Khalid al-Juhani iliyopokewa na Tirmidhi, kwamba anayemfuturisha aliyefunga hupata ujira mfano wake, bila ujira wa aliyefunga kupungua. Naye mwenyewe, kama alivyosimulia Anas bin Malik, alifungua kwa tende mbivu. Asipozipata, tende kavu. Asipozipata, mafunda ya maji. Basi atakayetuletea ndoo ya maji tutampokea kwa mikono miwili.

Desemba 2023, katika kikao cha Kasane, Botswana, UNESCO iliiandika futari kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Azabajani, Irani, Uturuki na Uzbekistani. Tulifurahi sana kusikia. Ila urithi huu kwetu unatunzwa kwa kuni na nazi.

Tunaomba mihogo, sukari, unga wa uji, tende, kuni kavu, mikeka, na masufuria makubwa mawili. Nazi ndiyo inayotupa shida zaidi, na muhogo usio na tui zito, wenyewe mnajua, si futari ya hapa. Familia au rika linaweza kuchukua jioni moja nzima.

Fedha apewe mweka hazina baada ya sala ya Ijumaa, naye atatoa risiti. Hesabu itasomwa msikitini kila wiki. Mlio mbali, watumieni ndugu zenu wa hapa, watatufikishia.

Kuni tunaomba zije Shaabani hii hii, tuziweke darini zisilowe. Siku ya kwanza tunainjika sufuria mara tu baada ya Alasiri.