Huyo Vasco da Gama wenu alirudije?

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka na miaka na sijawahi kuwaandikia, hata ule mwezi wa Ramadhani mlipotupa saa za futari za mji mwengine nilinyamaza. Lakini makala ya Jumapili ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno, ile ya kurasa mbili na picha ya mnara wa Malindi, imenikaa kooni. Eti "baharia aliyezishinda pepo za Bahari Hindi". Azishinde wapi jamani?

Mmeandika, na ni kweli, kwamba alitoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 na tarehe 20 Mei alikuwa keshatia nanga karibu na Calicut, Bara Hindi. Halafu mkakatia hapo hapo mkamvika kilemba cha ukoka. Alifika haraka kwa sababu Malindi alipata rubani na kusi ndio kwanza inashika, basi. Marehemu baba yangu alikuwa nahodha, hakwenda shule hata siku moja, na kusi changa ikiwa mgongoni alikuwa haoni ajabu yoyote mtu kufika Bara Hindi. Sasa mbona hamkuandika kurudi? Huyo bingwa wenu aligombana na watu wa Calicut akaondoka mwisho wa Agosti, akazubaa zubaa pwani huko, na tarehe 5 Oktoba akaikata bahari kuja huku wakati kaskazi, upepo wa kurudia, bado haijaja, kitu ambacho mtoto yeyote wa bandarini angemwambia baba ngoja kwanza. Ile bahari aliyoivuka kwa wiki tatu na kitu ikamla karibu miezi mitatu. Leo shwari, kesho upepo wa mbele, keshokutwa shwari tena, na watu wanaoza midomo, fizi zimevimba mpaka zimefunika meno mtu hawezi kutafuna, miguu imejaa, wakafa kama 30 humo humo njiani na kila meli ikabakiwa na watu saba au wanane wenye nguvu ya kushika kazi. Sitii chumvi, yako kwenye daftari la safari la mmoja wa watu wake mwenyewe. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499 wagonjwa walikuwa wanalilia machungwa. Siku chache baadae, upande wa Tanga kule Mtangata, wakaichoma moto meli yao wenyewe, São Rafael, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawatoshi meli tatu. Huyo ndio kazishinda pepo?

Na rubani naye mmemwita Ibn Majid, yule mwanamaji mashuhuri wa Kiarabu, bila hata kusema "inasemekana". Ibn Majid wa Julfar wakati huo ni mzee, na hiyo hadithi kaileta mwanahistoria wa Makka miaka mingi baadae, tena akasema mzee wa watu alileweshwa ndio akaitoa siri ya njia. Wareno wenyewe waliandika kwamba rubani alikuwa Mgujarati. Na msituambie alitolewa kwa urafiki mtupu, kwa sababu mtumishi wa karibu wa mfalme wa Malindi alipopanda melini Vasco alimkamata akamzuia hadi rubani aletwe. Ya hapa Mombasa kabla ya hapo ndio kabisa mmeyaruka. Mateka wawili melini mwake walidondoshewa mafuta yanayochemka kwenye ngozi ili waseme kama mji unapanga njama, na walipoanza kuwatesa mara ya pili mmoja akajirusha baharini mikono ikiwa imefungwa, mwenzake akamfuata kabla hakujapambazuka. Nalo liko kwenye daftari lile lile. Kilwa ya 1502, mtawala wake Amir Ibrahim akikamuliwa dhahabu na Vasco huyo huyo chini ya mizinga, sigusi.

Mtauliza mimi inaniuma nini. Mjukuu wangu yuko gredi ya sita, kwenye mtihani wakaulizwa ni nani aliyefungua njia ya bahari kutoka pwani yetu hadi India, mtoto akaandika wafanyabiashara wa huku na wa huko, akapigwa mkasi mwekundu. Nikajifunga buibui nikaenda shule. Mwalimu, kijana mpole tu, akafungua droo akanitolea gazeti lenu akaniambia "Mama, soma mwenyewe, hata gazeti limesema." Nilikosa la kumjibu mbele ya watoto.

Na hizo trip za shule pia mtu aziandike siku moja. Shule hiyo hiyo ilitutoza pesa watoto wapelekwe Malindi kuona mnara, pesa ya basi, ya tiketi, ya chakula ambacho tuliwafungia wenyewe nyumbani. Wakashushwa mnarani dakika chache, walimu wakapiga selfi zao na bahari nyuma, wakapakiwa tena, alasiri nzima ikaishia supamaketi. Wangu alirudi bila kujua kwamba ule msalaba juu ya mnara ni wa jiwe la Lisbon lililokuja na meli, ila bei ya krispi za kila rangi anayo kichwani. Sasa hiyo ni historia au ni kampeni ya krispi?

Dawa ninayo. Mpelekeni mwandishi wenu Calicut mwisho wa Agosti, mpandisheni jahazi lisilo na mashine, arudi Malindi bila kumuuliza mtu njia. Kabla hajaondoka mpeni na zawadi zile zile Vasco alizotaka kumpa mfalme wa kule, vitambaa 12 vya mistari, kofia 6, mabeseni 6 ya kunawia, sukari, mafuta na asali, tuone kama hatachekwa vile alivyochekwa mwenzake, kwamba hata mfanyabiashara maskini wa Makka huleta zaidi ya hapo.

Hilo likiwashinda, basi chapisheni kurasa mbili za safari ya kurudi, herufi saizi ile ile, na yale mafuta yanayochemka ya Mombasa muyaweke ukurasa wa mbele sio nyuma huko na matangazo ya viwanja. Fanyeni kabla shule hazijafungwa, nataka nakala ya kumpelekea mwalimu, maana alama za mtoto hazijarudishwa hadi leo.

Msomaji wenu,
Kibokoni, Mombasa