Mwili uliosafika gerezani ndio ulio hatarini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu hoja ambayo nimeisikia mara nyingi miongoni mwetu wasemaji wa Kiswahili tunaoishi katika jimbo la Rhode Island, Marekani, tena ikitolewa kwa nia njema kabisa: kwamba kijana aliyezama katika unga akifungwa, jela yenyewe ndiyo tiba, kwa kuwa akikaa humo miezi sita bila kugusa kitu mwili wake utasafika na atatoka akiwa mtu mpya.

Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Mwili husafika. Arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa aliyoizoea, humtesa mtu kwa siku kadhaa, kisha hutulia, na ule uwezo wa mwili kustahimili dozi kubwa hupotea kidogo kidogo. Hamu, hata hivyo, haiondoki pamoja nao. Basi anayetoka na kurudia kipimo kile kile alichokizoea kabla ya kukamatwa anajitilia kipimo ambacho mwili wake hauwezi tena kukibeba, na tangu fentanili, dawa kali kuliko heroini, ilipoenea katika unga unaouzwa mitaani, hajui hata anachojitilia. Watafiti waliofuatilia watu 30,237 waliotoka katika magereza ya jimbo la Washington kati ya 1999 na 2003 walikuta kwamba, katika wiki mbili za kwanza za uhuru, hatari ya kufa kwa kuzidisha dozi ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Watu hao walikuwa wametoka na miili iliyosafika.

Kwa upande huu jimbo letu lilichukua njia ambayo nadhani wengi wetu hatuijui, ingawa tunapita karibu na magereza ya Cranston kila wiki. Hapa mahabusu na wafungwa waliokwisha kuhukumiwa wako chini ya idara moja, jambo ambalo majimbo machache tu ya Marekani yanalo. Mwaka 2016, wakati wa Gavana Gina Raimondo, idara hiyo ilianza kutoa dawa zote tatu zinazotambuliwa kwa tiba ya uraibu wa dawa za jamii ya afyuni kama heroini, yaani methadoni, buprenofini na naltreksoni. Aliyeingia akiwa tayari yuko kwenye tiba hakatizwi; anayepimwa na kuonekana ana uraibu anaweza kuanzishwa akiwa ndani; na anayekaribia kutoka hupangiwa kliniki ya nje atakakoendelea. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona kuwa moyo wa mpango wenyewe, kwa sababu shirika linalosimamia tiba ndani lina kliniki zake uraiani, na mgonjwa hahitaji kuanza upya kujieleza kwa watu wasiomjua.

Matokeo ya mwanzo yalichapishwa mwaka 2018. Katika nusu ya kwanza ya 2016, kati ya watu 179 waliokufa jimboni kwa kuzidisha dozi, 26 walikuwa wametoka kifungoni ndani ya mwaka mmoja uliotangulia; katika nusu ya kwanza ya 2017, walikuwa 9 kati ya 157. Nakiri kuwa hesabu hizo ni ndogo na kwamba miezi sita dhidi ya miezi sita si ushahidi wa kufunga mjadala, lakini katika jimbo dogo kama hili tofauti ya 26 na 9 ni nyumba tunazozijua.

Wapo wanaosema kwamba huku ni kumpa teja dawa ya kulevya kwa kodi zetu. Methadoni ni ya jamii hiyo hiyo, sikatai. Tofauti ni kwamba hunywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, kwa kipimo kilichopangwa, na hufanya kazi polepole, hivyo humwondolea mtu arosto bila kumlevya. Wasomaji wako wa Dar es Salaam hawatalishangaa hili, maana hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Hoja ya magendo ina uzito zaidi: buprenofini huyeyushwa chini ya ulimi, na asiye mwaminifu anaweza kuificha shavuni ili aiuze. Dawa ya tatizo hilo ni kukagua vinywa baada ya kila dozi, kazi ya dakika chache, wala si kuwanyima tiba wagonjwa wote. Huko Massachusetts, mwezi Novemba 2018, ilibidi mahakama ya shirikisho iiamuru jela ya kaunti moja imruhusu mtu aendelee na methadoni aliyokuwa ameandikiwa na daktari wake.

Kinachonisukuma kuandika, hata hivyo, ni sisi tulio nje. Nimekaa katika zaidi ya karamu moja ya kumkaribisha kijana aliyerudi, nikawasikia wajomba na shangazi wakimwambia kwamba ameshapona, ya nini kwenda kunywa dawa kila asubuhi kama mgonjwa. Yeye huinamisha kichwa kwa heshima, na wiki haiishi kabla hajaacha kwenda. Ningewaomba wanaokwenda kumpokea mtu wao Cranston wawe na naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha dozi, nyumbani, na kabla pilau haijapakuliwa wamuulize kwa upole dozi yake ya kesho ataipata kliniki gani, na nani atampeleka.

Msomaji wako,
Providence, Rhode Island