Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Arusha: mgonjwa aulizwe anafanya kazi gani

Daktari, habari za kazi.

Umri wangu ungeniruhusu kusubiri shikamoo yako, na cheo chako kingenitaka niitoe mimi, kwa hiyo hilo tuliache tuendelee. Mimi ni bwana afya mstaafu, naishi Tengeru. Nimelitumikia jembe la serikali kwa zaidi ya miaka 30, mingi nikiwa Arumeru na michache Moshi. Naijua njia ya barua: inafika masijala, inagongwa muhuri, inapewa folio, inalala. Ndiyo maana hii nimeiandika hadharani.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa bado na pikipiki ya serikali, nilikuwa na shamba moja la maua ambalo nililikagua mara kwa mara. Kazi yangu pale ilikuwa vyoo. Nahesabu matundu, nalinganisha na idadi ya wafanyakazi, naangalia kama kuna maji ya kunawa na sabuni, naandika ripoti. Vyoo vilikuwa safi kweli, sikumpendelea mtu. Lakini nyuma ya vyoo hivyo ulipita mfereji, na kila nilipokwenda niliwakuta vijana wawili watatu wakisuuza mabomba ya kupulizia dawa, suruali zimelowa hadi magotini, mmoja kajifunga kitambaa puani kama mtu anayekimbia vumbi la barabarani. Siku moja kijana mmoja alikuwa ameshika kikombe cha maziwa. Nikamuuliza, vipi, ndiyo chai ya saa nne? Akasema hapana mzee, haya ni ya kukata sumu. Nikacheka, nikapiga pikipiki kiki, nikaondoka. Fomu yangu haikuwa na mstari wa maziwa.

Kijana yule nilimkuta tena baada ya miezi, kwenye benchi la zahanati. Kichwa kinamgonga, jasho linamtoka, anatapika. Kipimo kilisema hana malaria, akapewa dawa mseto ya malaria hata hivyo, akaambiwa apumzike. Simlaumu tabibu. Alikuwa peke yake na foleni ilifika hadi kwenye mti wa mwarobaini. Ila sasa najua kitu ambacho siku ile sikukijua, au nilikijua bila kukijali: viuatilifu vya kundi la oganofosfeti huzuia kimeng'enya cha kolinesterasi, na kimeng'enya hicho kikizuiwa neva zinakuwa kama bomba la maji lisilofungika. Mate, jasho, kutapika, kichwa, mboni za macho kuwa ndogo kama kichwa cha pini. Ukiondoa hizo mboni, ambazo hakuna aliyezitazama, yaliyobaki yote unaweza kuyaita malaria. Ilihitajika sentensi moja tu: unafanya kazi gani, na jana ulifanya nini?

Na lugha yenyewe inatuponza. Ya mgonjwa tunaita dawa, ya panya dawa, ya nyanya dawa. Nenda soko la Tengeru siku ya Jumamosi uone dawa ya nyanya inavyouzwa imehamishiwa kwenye chupa za maji ya kunywa, kipimo ni kifuniko, maelekezo ni mdomo wa muuzaji.

Sasa nikuambie kilichoniamsha. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amemaliza shahada ya afya ya mazingira. Alikuja kunisalimia Krismasi, tukakaa nje baada ya chakula, akaniambia, "Mjomba, mimi sitaki kukagua bucha maisha yangu yote. Nataka kazi ya kufuatilia magonjwa yanayotokana na kazi na mazingira, na niifanye serikalini. Naanzia wapi?" Daktari, nilinyamaza. Mimi, niliyemfundisha hata kujaza fomu za mkopo wa chuo, sikuwa na mlango wa kumwonyesha.

Jina la kitaalamu la kazi anayoitaka ni refu, epidemiolojia ya afya kazini na mazingira. Kwa lugha ya Tengeru ni mtu wa kuhesabu nani anaumwa nini, na siku nzima anashinda wapi. Si kazi mpya. Mwaka 1700 daktari wa Italia aitwaye Bernardino Ramazzini aliwataka wenzake waongeze swali hilo hilo la kazi kwenye maswali wanayomwuliza mgonjwa. Imepita zaidi ya miaka 300.

Mpwa wangu ndiye aliyenisimulia habari ya California. Mwaka 1977, kwenye kiwanda kimoja cha kemikali, wanaume waliokuwa wakitengeneza dawa ya kuua minyoo ya udongoni, DBCP, walianza kuulizana wao kwa wao, mbona tangu tuje idara hii wake zetu hawashiki mimba? Hawakuwa wataalamu. Walikuwa wanapiga soga. Walipopimwa, wengi walikutwa na mbegu chache mno, wengine hawana kabisa. Mwaka 1979 Marekani ikasimamisha sehemu kubwa ya matumizi ya dawa hiyo. Niliposikia nilifikiria vijana wangu wa mfereji. Hata kama wangeulizana, wangempelekea nani?

Maana kule Marekani kuna taasisi ya serikali ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1970. Wafanyakazi watatu wakiandika barua kwamba wanashuku kitu kazini kinawadhuru, wanaweza kuomba ukaguzi wa afya, hawalipi hata senti, na wakitaka majina yao mwajiri hayajui. Sisemi kwao ni peponi. Mwaka 2025 taasisi hiyo hiyo ilipunguziwa wafanyakazi kwa mamia. Lakini ile barua ya watu watatu imenikaa kichwani.

Utaniambia tunayo OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Tunavyo, na nimefanya kazi na watu wa OSHA, ni watu makini. Ila mkaguzi anaangalia mashine, kofia, kifaa cha kuzimia moto. Mfuko unamsubiri mwenye ajira rasmi aje na karatasi ya daktari inayosema ugonjwa huu umetokana na kazi. Na daktari ataiandikaje karatasi hiyo kama hakuuliza? Upande wa pili tuna MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, ambao unahesabu magonjwa mwezi kwa mwezi. Katika miaka yangu yote sikumwona mtu ambaye kazi yake ni kukaa katikati, mkono huu kashika rejista ya zahanati, mkono ule daftari la mishahara la shamba.

Na kukaa katikati kuna ujanja wake, si kazi ya kubahatisha. Mwajiri anapenda kukuambia, karibu uwaone watu wangu, wote wazima. Ni kweli, wote wazima! Mgonjwa hakai shambani. Ameshapanda basi, yuko kwao Kondoa au Babati au Rombo, anakohoa kwenye nyumba ya mama yake, na pale anaitwa mgonjwa wa Kondoa. Ukitaka kujua shamba limewafanya nini watu, usiwaanzie waliopanga mstari asubuhi ya leo. Anza na majina ya miaka kumi iliyopita, uwatafute walioondoka, ujue wako wapi na wana hali gani. Kazi hiyo ni ya miguu na simu na subira, na haifanyiki kwa ziara ya siku moja yenye chai na maandazi.

Ndiyo sababu nasema iwe serikalini. Mtafiti wa mradi anaishia getini, mlinzi anamwuliza una miadi, anaandikwa kwenye kitabu, anaambiwa meneja yuko safarini. Akibahatika kuingia, mradi unaisha baada ya miaka mitatu na kompyuta yake inaondoka na majina yote. Mkaguzi anayekuja na Sheria Na. 5 ya mwaka 2003, ile ya usalama na afya mahali pa kazi, mkononi geti linafunguliwa. Anayekwenda naye ataingia. Na rejista ya serikali, pamoja na vumbi lake lote, mwaka wa ishirini bado utaikuta kabatini.

Mirerani najua si yako, ni ya Manyara. Lakini wanaapolo, wale wachimbaji wa tanzanaiti, wanaishi wapi wakishachoka? Nina jirani, mzee mdogo kuliko mimi, aliyeshuka mashimoni kutafuta tanzanaiti kwa miaka mingi. Anasimulia walivyokuwa wakichoronga mwamba mkavu bila maji, wakitoka wamekuwa weusi kwa madini ya kinywe, yaani grafiti, meno tu ndiyo yanaonekana. Weusi ule unaoshwa. Kinachobaki ni vumbi la silika, laini kuliko unga wa sembe, ambalo likishaingia kwenye mapafu halitoki, linaacha makovu, na mapafu yenye makovu hayo yanakuwa nyumba nzuri ya kifua kikuu. Ugonjwa unaitwa silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na unaweza kujionyesha miaka kumi au zaidi baada ya mtu kuanza kazi. Jirani yangu amemeza dozi ya TB mara mbili. Makohozi safi, picha mbaya, dozi tena. Sasa hivi kutoka kwangu kwenda kwake, mwinuko mdogo tu wa hatua kama 50, anasimama mara mbili akijifanya anatazama migomba.

Jirani zetu wa Kilimanjaro wana Kibong'oto, hospitali iliyoanza na wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926, na wachimbaji wanaijua. Hapo nakuomba upige simu tu kwa mwenzako. Pumzi ya mtu haina mpaka wa mkoa.

Tusiseme hatuwezi. Hapa hapa Arumeru tulishahesabu. Mtu wa Maji ya Chai alikuwa akifika Dar es Salaam akicheka tu, wanamwuliza wewe wa Arusha eh? Meno ya kahawia, na kwa wengine miguu yenye matege na mifupa inayouma. Watu walikaa chini, wakalinganisha meno na kisima, kijiji kwa kijiji, wakaona ni madini ya floridi ya huku kwetu kwenye volkano. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna wakati nchi yetu ililazimika kuvumilia hadi 8 kwa maji ya vijijini kwa sababu hakukuwa na mengine. Kikajengwa kituo pale Ngurdoto, wakawa wanachoma mifupa ya ng'ombe ili mkaa wake uchuje maji. Sikumbuki mtu aliyeita hiyo epidemiolojia ya mazingira. Tuliita kazi ya maji.

Tena wataalamu wa epidemiolojia ya uwandani nchi inawafundisha tangu 2008. Virusi vya Marburg vilipoingia Kagera mwaka 2023, watu wa namna hiyo ndio waliokwenda nyumba kwa nyumba. Nawavulia kofia. Ila mlipuko una king'ora, na silikosisi haitangazwi kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Sikuombi ajira mpya. Najua maneno ikama na kibali, nimeyaishi. Muundo wa utumishi haubadilishwi Arusha, na yule wa Dodoma mwenye uwezo huo nitamwandikia barua yake. Wewe una watumishi tayari. Mteue mmoja, mwandikie kwenye barua yake kwamba hii ndiyo kazi yake, si kazi ya ziada ya Ijumaa mchana, na umpe mafuta ya pikipiki. Aanze na zahanati chache tu zinazozunguka mashamba ya maua na ya nyanya. Pale, kando ya jina, iandikwe kazi, na isiandikwe "mkulima" halafu basi. Mkulima wa mahindi ya mvua na kijana anayebeba bomba la lita 16 mgongoni siku sita kwa wiki si mtu mmoja. Iandikwe anapuliza, anachuma, anafungasha, anachoronga. Kisha akutane na wa OSHA na watu wa viuatilifu pale Ngaramtoni, angalau mara moja kila robo mwaka, kila mmoja na daftari lake.

Na ile barua ya watatu. Fungua namna ya vijana watatu kukuandikia bila meneja kujua. Tangazo moja kwenye ukuta wa kila zahanati, kwa Kiswahili cha kawaida. Wengi hawataandika, nakubali. Wale wa California nao walianza kwa soga.

Mpwa wangu hajasubiri. Jumamosi huwa anakwenda sokoni na daftari, anaorodhesha dawa zinazouzwa bila lebo, nani anauza, za zao gani. Wauzaji walidhani ni afisa wa kodi, sasa wamemzoea, mmoja anamwekea kigoda. Juzi amejifunza kutumia kale kapampu kadogo kanakofungwa kiunoni, mrija unapanda hadi kwenye ukosi wa shati, kanavuta hewa ile ile anayoivuta mfanyakazi tangu asubuhi hadi anapotoka, halafu kichujio kinapimwa uzito. Alikaazima kwa mtu wa chuo kwa siku mbili, akanifunga mimi nikipepeta maharage. Alinicheka sana kwa vumbi alilolikuta.

Ukimhitaji yupo. Namba yangu ya simu utaipata masijala, kwenye jalada la wastaafu.

Wako katika utumishi,
Bwana afya mstaafu, Tengeru