Viatu vyako vimebaki Eburru

Nakuru,
Jumatatu usiku

Ndugu yangu,

Salamu sitazirefusha, maana nina jambo la kukiri. Vile viatu vya mlima ulivyoniachia ulipohamia Kisumu, ukaniambia nivitunze, sinavyo tena. Usikasirike kwanza.

Jumamosi tulikuwa wanne. Matatu hadi Gilgil, kisha bodaboda za kutupandisha Eburru, na vumbi likatupaka mpaka tukafanana sote. Unakumbuka ulivyokuwa ukijigamba kwamba aliyepanda Longonot amemaliza milima ya Nakuru? Longonot ni jua tu, na njia unaiona yote mbele yako. Eburru ni msitu. Ukishapita ule uzio wa umeme miti inakufunika, hujui umebakisha kiasi gani. Askari wa msitu alitangulia na bunduki kwa ajili ya nyati. Bongo, wale swala wakubwa wa msituni, nao wamo, wale wachache waliosalia, lakini yeye mwenyewe anasema huona nyayo tu.

Baada ya saa moja hivi njia ikasimama wima. Udongo mweusi umelowa, unashika mzizi kwa mkono ndipo upate pa kuweka mguu. Hapo ndipo soli ya kulia ilipoachama kama mdomo wa mamba. Nikaifunga kwa kamba ya mfuko. Sikufika mbali, ya kushoto ikamfuata mwenzake. Gundi ilikuwa imekauka. Miaka miwili chini ya kitanda si mchezo (hilo ni kosa langu, nakubali). Askari alicheka mpaka akaegemea mti. Yeye alikuwa amevaa gambuti.

Kileleni tulikuta ukungu, tukala chapati zetu kimya. Ulipofunguka, Ziwa Naivasha lilikuwa kule chini, na kando yake Longonot yako, kama sufuria iliyosahauliwa nje. Ile ina mita 2,776. Sisi tulikuwa tumepita 2,800. Nimekuandikia tarakimu makusudi.

Tulipofika chini miguu yangu haikuwa ya mtu. Mama mmoja akatukaribisha kwake. Kule maji ya mto ni shida, lakini ardhi yenyewe inapumua mvuke, basi watu huutega kwa mabomba, ukipoa unageuka maji na kudondokea tangini. Nilikaa kando ya tangi lake peku, nikisikiliza tone, kimya, tone. Akatupikia chai kwa maji hayo hayo. Nilidhani itanuka moshi. Ilikuwa chai ya kawaida, tamu.

Akavitazama viatu, akaniuliza kama nitavihitaji tena, maana vingemfaa kupandia sukuma wiki. Ningesema nini? Nikamwachia.

Mwisho wa mwezi nitakutafutia vingine pale mitumbani. Ukitaka kuvitembelea vya zamani, niambie ni Jumamosi gani. Njoo na gambuti.

Mimi wako,
mwenye malengelenge