Barua ya Wazi kwa Mdogo Wangu Aliyeandika "Sina"

Mdogo wangu,

Salamu kutoka Lindi. Sisi wazima, watoto wazima, na shemeji yako anakusalimu. Nimeamua kukuandikia hadharani jambo ambalo ningeweza kukwambia kwa simu, kwa sababu kwenye simu ungebadilisha mazungumzo kama kawaida yako, na kwa sababu najua mko wengi mnaolibeba jambo hili kimoyomoyo huko Newala, Tandahimba, Nachingwea na Liwale, kila mmoja akidhani ni lake peke yake.

Nilipokuja kwenye arobaini ya babu niliiona ile fomu. Sikupekua. Ilikuwa juu ya kabati la vyombo, chini ya redio ya mama mdogo, nami nilinyanyua redio ili nifute vumbi. Imetoka ofisi ya wahitimu ya chuo chako, wanakusanya habari za waliomaliza ili watoe kijitabu. Jina umejaza. Mwaka wa kuhitimu umejaza. Fani, kilimo. Mwajiri, halmashauri. Halafu kile kisanduku kikubwa cha chini, chenye mistari sita, kinachouliza umepata mafanikio gani ya kikazi tangu uondoke chuoni. Humo umeandika kwa kalamu ya bluu, herufi nne: Sina.

Siku ile sikusema kitu. Nyumba ilijaa wageni, na wewe ulikuwa uani unapakua ubwabwa. Lakini neno lile nimerudi nalo Lindi, nalala nalo, naamka nalo.

Najua ulikolitoa. Kijitabu cha mwaka juzi ulinionyesha mwenyewe. Mwenzako mliyekaa chumba kimoja yuko benki Dar es Salaam, meneja wa tawi. Yule mliyekuwa mnakesha naye kwenye vimbweta wakati wa mitihani yuko Japani, anasomea uzamivu. Mwingine ameteuliwa, picha yake imechukua ukurasa mzima, suti na tai. Wote hao wamehangaika, na kila mmoja anastahili pongezi, tena za dhati. Sisemi wapunguziwe hata mstari mmoja. Nasema ukurasa wako haupo, na aliyeuondoa ni wewe.

Hebu tumtazame Mzee Mkapa, maana huyo ni wa kwetu kabisa, mtu wa Lupaso, Masasi. Alizaliwa mwaka 1938, akapita Ndanda, akapita Pugu, akapata shahada yake ya Kiingereza Makerere mwaka 1962. Akaanza kazi Dodoma kama ofisa tawala. Akaenda Chuo Kikuu cha Columbia kule New York, akarudi, na mwaka 1966 akawa mhariri kwenye magazeti ya chama. Baada ya hapo Daily News, Ikulu kwenye habari za Rais, Shihata lililokuwa shirika la habari la taifa, ubalozi, uwaziri. Urais ulimfikia mwaka 1995. Hesabu mwenyewe: toka shahada mpaka urais, miaka 33. Makerere wangempelekea fomu kama yako mwaka 1963, hapo katikati ya Dodoma na New York, kisanduku kingejazwa nini? Wewe una miaka 7 tu tangu uvae joho.

Na katika yote aliyoyafanya, mimi kama mtu wa kusini naliweka mbele daraja la Rufiji. Mwaka wangu wa kwanza chuoni, wakati wa masika, tulilala Ndundu siku mbili tukisubiri kivuko. Mto umefurika, magari yamepangana mpaka hayaonekani mwisho, mama mmoja anapita na sinia la mihogo ya kuchemsha, na mimi barua yangu ya chuo nimeitia kwenye mfuko wa nailoni nikaifunga kifuani kwa kanga isije ikalowa. Nilifika chuoni usajili umefungwa jana yake. Daraja likafunguliwa mwaka 2003, likapewa jina lake. Wewe ulipokwenda kuanza mwaka wa kwanza ulivuka Rufiji umelala, ulinisimulia mwenyewe kwamba ulishtukia uko Mkuranga. Nilifurahi mno siku uliponiambia hivyo, ila sikukueleza kwa nini.

Sasa njoo kwenye vidole vya mama mdogo. Unavijua. Ngozi ya nchani imebambuka na kuwa nyeusi kwa mafuta ya ganda la korosho, miaka yote ile ya kubangua kwa malipo ya kilo. Alikuwa anapaka majivu mikononi kabla ya kuanza, na bado yalimchoma. Akikusuka ulikuwa unalalamika kwamba vidole vinakukwaruza. Ada yako ya sekondari ilitoka humo. Basi mafuta yaleyale ndiyo aliyoyafanyia utafiti John Magufuli kwa shahada ya uzamivu ya kemia aliyoipata Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2009: namna asidi iliyomo kwenye ganda la korosho inavyoweza kukinga chuma kisile kutu. Wakati huo alikuwa waziri, na miaka 6 baadaye akawa Rais. Watu wanayakumbuka hayo ya juu. Mimi nakumbuka pia kwamba kabla ya siasa alifundisha Sengerema Sekondari, halafu akawa mkemia wa chama cha ushirika cha Nyanza. Mkemia wa ushirika, mdogo wangu! Mazao ya wakulima, ghala, sampuli. Kazi ambayo wewe ukiulizwa unafanya nini unaitaja huku unatazama chini.

Utasema hao ni marais, dada, sisi tuko wapi. Haya, twende Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo.

Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho karibu tani 145,000. Miaka 13 baadaye zilikuwa hazifiki 20,000. Wazee wetu wanaeleza mambo mawili: watu walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa wakaiacha mikorosho yao mbali, porini, na ukaja ubwiriunga, ule unga mweupe unaotanda kwenye maua na majani machanga miezi ya baridi, ua likanyauka kabla halijashika. Babu tuliyemfanyia arobaini aliwahi kukata mikorosho yake akachoma mkaa. Watafiti wa Naliendele, hapo nje tu ya mji wa Mtwara, ndio waliokaa na ugonjwa ule miaka na miaka. Salfa ya unga ipulizwe lini, kiasi gani kwa mti mmoja, irudiwe baada ya siku ngapi, mti upi unastahimili, mche upi ubebeshwe, yaani uunganishwe, kwa kikonyo cha mti upi. Leo mkulima wa Kitangari anaamka alfajiri na mashine yake mgongoni, anapuliza hewa ikiwa imetulia na umande ungali majanini, wala hana habari kwamba anatembea na kazi ya watu waliosoma chuo kikuu. Msimu wa 2017/18 korosho zilipita tani 300,000.

Muulize mkulima huyo majina ya watafiti wale. Atakutajia jina la duka la pembejeo. Hilo linaniuma, na linaniuma zaidi nikikumbuka kisanduku chako. Watu wale nao walikuwa wahitimu. Walirusha kofia juu siku ya mahafali kama wenzao, wengine wakaenda mijini, wao wakaja kuhesabu madoa kwenye majani ya mkorosho. Kusini nzima imesomesha watoto, imeezeka bati na imekwenda Hija kwa kazi ile.

Na kuna jambo jingine kuhusu sisi watu wa huku. Kwa miaka mingi Dar es Salaam imetujua kwa Wamachinga, kabila la hapa Lindi, mpaka jina lao likawa jina la kila anayetembeza bidhaa juani. Sioni aibu kwa jina hilo hata kidogo, kaka zetu wale wamelisha familia. Lakini msomi wa kusini anayerudi kusini hana jina lolote. Anaitwa "amekwama". Wewe umeitwa hivyo mbele yangu, kwenye harusi, na mtu anayekula korosho ulizozipanga wewe kwenye madaraja ghalani.

Sasa nikukumbushe niliyoyaona kwa macho yangu, usiku ule wa kuamkia arobaini. Alikuja mzee mmoja barazani, kavaa kofia yake ya mkono, akakuita pembeni. Mtoto wake anatakiwa hospitali, na mtu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo kwa kipimo cha bakuli, amekwisha kumpa fedha kidogo, amemwachia bakuli lake la kupimia, atarudi kesho kuchukua korosho. Mzee alikuwa amekuja kuaga tu, wala hakuja kuomba ushauri. Ulimwambia: "Shikamoo babu, lilete hilo bakuli." Ukaingia ndani ukatoka na mizani yako ya kuning'iniza, ukaifunga kwenye boriti ya baraza. Ukajaza korosho bakuli lile ambalo mtu wa kangomba analiita kilo, ukalimimina kwenye kifuko, ukakitundika. Mshale ukafika kwenye moja, ukapita, ukaendelea kushuka. Mzee akawasha tochi ya simu akausogelea. Hukumpa hotuba. Ulichukua kijiti, ukachora hesabu kwenye mchanga: mabakuli mangapi, kilo ngapi za kweli, mnada uliopita bei ilikuwa ngapi, chama cha msingi cha ushirika kikikata makato yake anabaki na nini. Halafu ukampigia katibu wa chama cha msingi, usiku ule, mkazungumza mpaka ikapatikana njia ya kumrudishia mtu wa kangomba fedha yake. Mzee aliikalia ile hesabu kitambo kirefu. Akaondoka na bakuli kwapani.

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nachambua mchele. Nilikutazama nikajiuliza ni mtihani gani wa chuo unaofanana na ule.

Tena yako mengine. Miaka 2 ulijitolea pale kabla ajira haijatoka, bila hata nauli, unatoka nyumbani kwa miguu. Kile kitalu nyuma ya ofisi ya kata ulikianza kwa mifuko ya maziwa iliyookotwa. Akina mama uliowafundisha kubebesha, niliwaona: wembe, kikonyo, mche, utepe wa nailoni unazungushwa kwa kidole gumba bila kulegea, na wanasengenyana huku mikono inafanya kazi yenyewe. Wawili kati yao sasa wanauza miche yao wenyewe. Na kila mwezi Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wako, nawe hujalalamika hata siku moja, unasema kuna mtoto mwingine anasubiri fedha ile. Hata hilo ningeliandika kama ningekuwa wewe. Kulipa deni la masomo yako kwa kazi ya masomo yako, hapohapo ulipozaliwa, si jambo dogo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na wanafunzi 13 wa sheria, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Vyuo vyetu vimefika vilipofika kwa sababu watu waliotoka humo walitawanyika wakafanya kazi mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kijitabu kisipokuwa na hao, mtoto wa kidato cha nne anayekisoma atajua njia moja tu, ya kwenda na kutorudi. Binti wa jirani yenu aliniuliza siku ileile, "Kwani dada alifeli, mbona yuko huku?" Nilikosa la kumjibu haraka, na nimejuta. Jibu lilikuwa kwenye kile kisanduku na wewe ulikuwa umelifunga.

Sikuandikii kama mtu aliye msafi. Mwaka jana chuo changu nacho kiliniletea fomu. Nimefundisha miaka 22. Niliitia mkobani nikasema nitaijaza wikiendi, kisha wikiendi nyingine, mpaka tarehe ikapita, na nikajisikia nafuu ilipopita. Ile nafuu ndiyo iliyonitisha nilipoliona neno lako. Nimeandika barua kwao kuomba nyingine.

Fomu yako mwisho wake ni mwisho wa mwezi huu, tarehe niliiona pale juu. Mistari ni sita. Andika kitalu, na kilianza mwaka gani. Andika akina mama uliowafundisha, idadi yao unayo kwenye daftari lako la kijani. Andika ghala. Andika mizani na bakuli, hata kama wa ofisini hawatajua kangomba ni nini, watauliza. Usiandike "nilisaidia kidogo", maana nakujua. Mistari ikikutosha, vizuri. Isipotosha, geuza nyuma.

Jumamosi nakuja Newala. Mwambie mama mdogo asihangaike na kupika, nitakuja na samaki wa kukaanga wa hapa Lindi, na fomu yangu itakuwa imefika. Tutakaa barazani tujaze pamoja.

Dada yako,
Lindi