Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, salaam.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitazirefusha. Aprili tulikwenda Castle Ward, Ireland ya Kaskazini, nyumba ya miaka ya 1760 yenye sura mbili, kwa kuwa Bernard Ward na mkewe Lady Anne hawakuafikiana kuhusu mtindo. Juni tulizunguka bustani za Mount Stewart. Kilima cha Scrabo vijana walipanda hadi kwenye mnara, wazee tukabaki chini na chupa ya chai.

Sasa safari ya Agosti, maana najua ndiyo inayosemwa pembeni. Ni kweli kamati ilipitisha jumba la Castle Coole, na ni kweli mimi ndiye niliyebadilisha tukaenda kwenye magofu ya jumba la Downhill. "Mwenyekiti katupeleka kutazama kuta zisizo na paa," iliandikwa kwenye grupu. Ndugu zangu, hadi siku ya kulipia basi, waliotoa nauli walikuwa wa kuhesabika, na viingilio vya Castle Coole vingeukausha mfuko. Ningesubiri kikao? Kikao cha Julai akidi haikutimia.

Halafu zile si kuta tu. Frederick Hervey, askofu wa Derry, alianza kulijenga jumba lile miaka ya 1770. Liliungua 1851, likajengwa upya, na baada ya Vita Kuu ya Pili likaezuliwa. Ukingoni mwa jabali, bahari ikiwa chini kabisa, lipo jengo la duara, Mussenden Temple, la mwaka 1785, lililokuwa maktaba yake. Mmomonyoko uliusogeza ukingo karibu mno na jengo hilo, hata National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, wakalazimika kuliimarisha jabali mwaka 1997. Na askofu huyo Mprotestanti aliwaruhusu Wakatoliki kufanya misa katika chumba cha chini, enzi ambazo sheria ziliwabana. Yote hayo niliyaeleza palepale, upepo ukinipeperusha koti, wenzetu wengine wakiwa wamejifungia ndani ya basi na sambusa zao. Aliyekulia karibu na Gede asiniambie magofu hayana la kuona.

Mahudhurio yanatia aibu. Grupuni kila mtu "nipo njiani", ukumbini tunabaki mimi, katibu na viti. Siku ya pilau tu ndiyo hamkosekani.

Fedha: ada ni paundi 24, wanachama 46, waliolipa 19. Ada paundi 456, michango 70, basi 380, ukumbi na chai 112, salio 34. Pengo la basi la mwaka juzi nililiziba mwenyewe, na sikudai.

Mwakani, Mungu akijalia na mfuko ukiruhusu, tunatarajia Castle Coole, pengine na jumba la Florence Court, kwa kuwa yote mawili yako kaunti ya Fermanagh. Tarehe tutajulishana. Ila basi halitakodiwa kabla ada haijaingia, na leo mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha risiti.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti